Kasa Aliyekatwa Mgongoni

Padri Anthimos alikuwa amechoka kumkumbusha Pandelis Murikis habari ya mama yake. Makaburi ya kijiji chao kisiwani Egina ni kiwanja kidogo kilichobanwa kati ya ukuta wa kanisa na miti ya pistachio, na marehemu hawana budi kupishana. Maiti hulala miaka mitatu. Kisha mifupa hufukuliwa, huoshwa kwa divai, hutiwa kwenye sanduku lenye jina na kuwekwa katika chumba cha mifupa, mwingine apate nafasi. Lakini kila mwaka Pandelis alikuwa na udhuru wake. Mara mgongo unamsumbua, mara dada yake ana homa, mara ardhi imelowa.

"Mwakani, Baba Padri," alikuwa akisema. "Mwakani bila kukosa."

Mwakani hiyo ikavutwa mpaka ikawa miaka saba.

Si kwamba aliogopa vitu vya kale. Mtu huyu aliishi na vya kale kuliko alivyoishi na watu. Mchana alikuwa fundi bomba. Jioni, akishanawa mikono, alifungua kabati lake la droo nyembamba, akavuta taa karibu, akashika kioo cha kukuzia, na hapo hata umwite kwa kengele ya kanisa asingesikia. Alikusanya sarafu za fedha za Wagiriki wa kale, na zaidi ya zote zile za kisiwa chake mwenyewe: vidonge vinene vya fedha, vimetuna kama maharagwe, upande mmoja kasa ametandaza miguu, upande wa pili alama ya chuma kilichotumika kuigonga sarafu. Alikuwa na kibali cha serikali, kila kipande kimeandikishwa, kila kipande kimepatikana kwa njia iliyonyooka. Hakuoa. Watu walimtania kwamba ameshaoa, tena mitala.

Kati ya kasa wake wote, mmoja ndiye aliyemwondolea usingizi kabla hajampata, na akazidi kumwondolea baada ya kumpata. Ukimwona bila kujua ungempita. Alikuwa amesagika kichwa, mweusi kwenye mikunjo, na mgongoni alikatwa kwa patasi, mkato mrefu uliozama. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na tabia hiyo: akiletewa sarafu ya ugenini, mtu anaikata aone kama ndani ni fedha au ni shaba iliyopakwa. Huyu alikatwa labda Misri, labda mbali zaidi, na ndani akaonekana fedha tupu. Wakusanyaji wengi hawataki sarafu iliyoumizwa. Pandelis alimtaka kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa miongoni mwa kasa wa mwanzo kabisa, wa zile siku ambazo Egina ilikuwa na meli zake kila bandari na Athene ilikuwa bado inajikongoja.

Ili ampate, aliuza shamba la pistachio la marehemu baba yake.

Mama yake, Polixeni, ndiye aliyeipanda ile miti pamoja na mumewe, wakiibebea maji kwa ndoo. Siku Pandelis aliporudi na sarafu, alimwekea kiganjani.

"Tazama, Mama. Tazama mkato huu."

Bibi akaitazama sana, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye ule mkato. "Hii ndiyo miti yangu?"

"Mama, hii ina zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano!"

"Miti yangu ilikuwa inazaa," alisema Polixeni. Akamrudishia, akaenda zake jikoni. Tangu siku ile hakulitaja tena lile shamba, wala Pandelis hakujisumbua kuuliza kama bado linamuuma.

Aliyeelewa ugonjwa wa Pandelis alikuwa mmoja tu, Kosmas Damalas, kinyozi, rafiki yake tangu utotoni. Mama yake Kosmas alikufa angali mdogo, baba yake alikuwa baharini mwaka mzima, basi Polixeni ndiye aliyemlisha na kumfulia. Naye alimwita Mama kama Pandelis alivyomwita. Kosmas alikusanya sarafu za Athene, zile zenye bundi, kwa kuwa ukoo wao ulitoka upande wa Pireo, bandari ya Athene. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa kwenye mkahawa wa gatini, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, na watu walisogeza viti waje kuwasikiliza.

"Kobe hawajambo?" Kosmas alikuwa akianza.

"Kasa, bwana. Kasa! Wa baharini."

"Wa baharini mpaka tulipowachapa. Mlipoona bahari si yenu tena, si mkamchora kobe wa nchi kavu? Au nadanganya? Zitoe hizo sarafu zenu za baadaye watu wazione. Kobe huyo, na magamba yake, anatafuta majani."

Mkahawa mzima unacheka.

"Na huyo bundi wako," Pandelis anajibu, "macho yamemtoka hivyo kwa nini? Aliiona fedha yetu akashtuka, mpaka leo hajapona."

"Bundi wangu walimpokea mpaka Misri!"

"Kasa wangu alishafika Misri akarudi, bundi wako angali ndani ya yai."

Hapo Kosmas humwinamia na kunong'ona kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia: "Pandelis, siku moja nitakuibia huyo aliyekatwa. Utaamka ukute droo tupu, bundi amekalia." Na wote wanaangua kicheko tena, Pandelis akiwa wa kwanza.

Polixeni alifariki majira ya baridi, kitandani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Dada yake Pandelis, Marigo, mjane aliyekuwa akiishi na mama ghorofa ya juu, ndiye aliyemwosha na kumvisha. Jeneza liliwekwa sebuleni kwa Pandelis, chini, kwa sababu ngazi ni nyembamba. Kabati la sarafu lilikuwa ukutani palepale. Kosmas alifika asubuhi kabla ya watu wengine, akakaa na marehemu peke yake wakati Pandelis amekwenda kwa padri na Marigo yuko jikoni akichemsha ngano ya mazishi. Baadaye alilibeba jeneza upande wa kichwa, na watu walisema alilia kuliko mtoto wa kumzaa.

Pandelis hakuligusa kabati mpaka arobaini ilipopita. Jioni ile wageni walipoondoka, alichukua ufunguo nyuma ya picha ya mtakatifu, mahali ulipokaa siku zote, akavuta droo ya juu. Mahali pa kasa aliyekatwa palikuwa patupu.

Alivuta droo zote. Alipiga magoti akapapasa chini ya kabati, akalisogeza ukutani, akatikisa zulia. Akaiangusha taa. Kufuli halikuvunjwa. Nje ya watu wa nyumba hii, nani aliujua ule ufunguo? Kosmas. Nani alikaa peke yake humu? Kosmas. Na nani kila Jumapili alisema nitakuibia? Mambo yalijipanga yenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja lilimpiga kama kofi. Hakulala. Wala hakupanda ghorofani kumuuliza Marigo neno. Kwa nini amuulize? Marigo hakuwahi kuonyesha kujua droo ya juu ni ipi wala ya chini ni ipi.

Asubuhi alimkuta Kosmas mkahawani akicheza dadu.

"Kasa wangu yuko wapi?"

Kosmas akacheka. "Amepanda nchi kavu?"

Kicheko kile ndicho kilichomaliza kila kitu. "Mwizi!" Pandelis alipiga kelele, na kahawa ya mtu ikamwagika. "Ulikaa na maiti ya mama yangu, mama aliyekulisha, ukaniibia mbele ya jeneza lake! Aliyekatwa! Umemchukua aliyekatwa!"

Dadu zilibaki mezani. Rangi ilimtoka Kosmas usoni. Alifungua mdomo kama mtu aliyekumbuka jambo ghafla na anataka kulisema, kisha akaufunga.

"Sikuchukua," alisema hatimaye.

"Apa. Apa kwa mama yangu."

"Kwa Mama siapi. Lakini sikuchukua, Pandelis."

Watu walitazamana. Mtu asiyeiba anashindwaje kuapa? Pandelis alitoka pale moja kwa moja hadi polisi. Nyumba ya Kosmas ilipekuliwa, bundi wake wote wakachukuliwa kwenda kuchunguzwa. Walirudishwa baadaye bila kasa kuonekana, lakini kufikia hapo kijiji kilishahukumu. Nani anataka kuwekewa wembe kooni na mtu aliyeiba mbele ya maiti? Viti vya kinyozi vikakaa vitupu. Kosmas akafunga duka, akavuka kwenda kuishi na binti yake Perama, ng'ambo, na Pandelis hakumtaja tena jina. Jumapili akipita bila kusalimu, watu walijua usiku amemwota.

Mwaka wa saba Padri Anthimos hakuomba. Alimwambia tu kwamba kuna marehemu mwingine na nafasi hakuna. Basi asubuhi moja ya mwezi wa tano walikutana makaburini: Pandelis, Marigo na chupa yake ya divai na kitambaa cheupe, padri na chetezo, na Stratos mchimba kaburi.

Ilikwenda vizuri kuliko Pandelis alivyoogopa. Ardhi ilikuwa laini, mbao zilikuwa zimeoza, na mifupa ilitoka safi, rangi ya asali, jambo ambalo watu hulihesabu kuwa heri. Stratos alikuwa akishuka shimoni na kupandisha kimoja kimoja, Marigo anapokea, anaosha, anapanga juu ya kitambaa, midomo yake ikitembea kwa sala. Mwisho Stratos alilinyanyua fuvu kwa mikono miwili. Taya likabaki chini. Alipoliinua nalo, kitu kilichomoka, kikaanguka juu ya udongo.

"Jino hili, au nini?" Stratos alikiokota, akakisugua kwenye suruali. "Si jino. Zito."

Akanyoosha mkono kumpa Pandelis.

Kilikuwa cheusi kama kaa, duara, kimegandwa na udongo. Pandelis alikitia divai kidogo, akapitisha kidole gumba. Kabla macho hayajaona, kidole kiliona. Kiliingia kwenye mkato ule, kikaenda nao mpaka mwisho, kama kilivyokuwa kikienda kila jioni miaka ile. Aligeuza. Miguu minne imetandazwa.

Alikaa palepale kwenye lundo la udongo, kinywa wazi, na hakuna aliyeelewa. Stratos alidhani moyo umemshika, akaanza kupanda kutoka shimoni. Padri aliacha kusoma katikati ya neno. Masikioni mwa Pandelis mlikuwa na mvumo kama bomba lililopasuka ukutani. Watu walikuwa wanasema, anaona midomo yao, hasikii.

Aliyesikika kwanza ni Marigo. Hakuwa ameshtuka hata kidogo. Alikuwa anafuta taya kwa kitambaa.

"Ah," alisema. "Kile kisarafu cha Mama. Mrudishieni, ni chake."

Pandelis alimgeukia dada yake kama anayemwona mara ya kwanza.

"Unasemaje?"

"Si nilimtia mimi? Siku ile ya mazishi, ulipokwenda kwa padri." Akamtazama Padri Anthimos kwa haya. "Nisamehe, Baba, najua hupendi mambo haya. Lakini kwao Mama, kule milimani, walikuwa wanafanya. Aliniomba mwenyewe. Alisema, 'Marigo, usiniache niende na kinywa kitupu. Unitie fedha, ya kweli, ya kumpa mvushaji wa mto wa wafu.'"

"Ukachukua kasa wangu!"

"Nilichukua kibovu! Kaka, nilichukua kile kibovu kuliko vyote. Vile vizuri vinavyong'aa sikuvigusa." Sasa ndipo alipoanza kuuona uso wa kaka yake. "Mama alinieleza. Alisema, 'Nenda droo ya juu, chukua yule aliyekatwa mgongoni. Huyo ndiye anayenitosha.' Nikadhani amechagua kile kwa sababu hakina kazi. Nikasema, mama yangu hata anapokufa anawaonea watu huruma."

Pandelis alishikwa na bumbuwazi jipya juu ya lile la kwanza. Yule aliyekatwa mgongoni. Mama hakukosea. Mama alimshika kiganjani, akapitisha ukucha. Mama alijua hasa anachokichukua, na alikwenda na miti yake.

"Marigo," Pandelis alisema. "Nilipiga kelele kijiji kizima kwamba nimeibiwa kasa. Polisi walikuja nyumbani. Mbona hukusema?"

"Kusema nini? Kasa wako wote si kasa? Habari iliyonifikia ni kwamba umeibiwa johari, kitu kisicho na mfano duniani. Sasa mimi ningejuaje ni kile kikombokombo? Nilikuwa naogopa usije ukagundua na kile nilichochukua mimi hakipo pia. Kila siku nilisema, leo ataniuliza. Leo ataniuliza." Akapandisha sauti, na machozi yakaja nayo. "Uliniuliza, Pandelis? Ulipanda zile ngazi hata siku moja ukaniuliza?"

Marigo alikuwa ameinua chupa amimine divai tena. Mkono wake ukasimama hewani.

"Kwa hiyo Kosmas," alisema polepole. "Kosmas hakuiba kitu?"

Divai ilikuwa inamwagika juu ya viatu vyake, naye haoni. Padri Anthimos aliichukua chupa mkononi mwake taratibu, akaiweka chini. Kisha akafanya ishara ya msalaba, mara moja kwa ajili ya marehemu, na mara nyingine, ilionekana, kwa ajili ya walio hai.

Walimaliza kazi kwa sababu mifupa haiwezi kuachwa juani. Jina likaandikwa, sanduku likafungwa. Mchana huohuo Pandelis alipanda meli na viatu vyenye udongo wa kaburi.

Huko Perama aliulizia nyumba ya kinyozi mzee kutoka Egina, na mwanamke wa duka la mikate akamwonyesha mlango. Kosmas alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda, nywele zimekwisha, na alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Alimtazama Pandelis usoni, akashusha macho mpaka kwenye viatu.

"Mmemfukua," alisema.

Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Na Pandelis, aliyekuwa amejiandaa njia nzima kwa maneno ya kuomba radhi, aliyasahau yote.

"Ulijuaje?"

"Ingia. Usisimame mlangoni kama mdai."

Jikoni alimsogezea kiti. Yeye mwenyewe akabaki amesimama. "Asubuhi ile nilifika mlango uko wazi nusu. Nikamwona Marigo ameinama juu ya jeneza. Anamfungua Mama midomo, anamtia kitu cheupe, anamfunga. Nikarudi nyuma asinione. Nilijua ni nini, Mama alishatusimulia mambo ya kwao, hukumbuki? Ila sikujua ametia sarafu gani. Nikadhani ni ya nyanya yake, ya huko kwao." Akaweka mkate mezani. "Ulipokuja mkahawani, mwanzo nilicheka, nilidhani unanitania. Uliposema aliyekatwa, ndipo nikajua yuko wapi. Nami ningeapaje kwa Mama, naye ndiye aliyekuwa naye?"

"Ulijua." Pandelis alikuwa anarudia kama mtoto. "Siku ile. Pale pale. Ulijua!"

"Nilijua."

"Ukaacha nikuite mwizi? Ukaacha wakupekue? Kosmas, una wazimu? Neno moja! Neno moja tu lingetosha!"

"Ningesema, ungefanya nini?"

Pandelis alitazama udongo wa viatu vyake.

"Sema kweli, maana umekuja mpaka hapa. Mama ana siku arobaini ardhini. Nakwambia kasa wako yuko kinywani mwake. Ungefanya nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nje mtu alikuwa anauza samaki kwa kipaza sauti.

"Ningemfukua," Pandelis alisema.

"Kesho yake."

"La. Jioni ileile."

Kosmas alitikisa kichwa, akavuta kiti, akakaa. "Na Marigo ungemla mzima. Basi nikajiambia, miaka mitatu. Miaka mitatu si mingi, nimevumilia wateja wabaya zaidi. Watamtoa kwa heshima, kwa divai, kasa atatoka mwenyewe, na huyu mjinga atanijia. Kila mwezi wa tano nilikaa karibu na simu. Mwaka wa tatu kimya. Wa nne kimya. Nikamuuliza mtu, akaniambia unaahirisha. Saba, Pandelis! Wewe ukafanya saba!"

Pandelis aliinamisha kichwa mezani. Alikuwa ameahirisha kwa sababu hakutaka kumwona mama yake akiwa mifupa. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine anahesabu. Mwisho alitia mkono mfukoni, akatoa ile sarafu nyeusi, akaisukuma mbele ya Kosmas.

"Chukua. Ni wako."

"Toa kitu hicho hapo. Mimi nakula kwenye meza hii."

"Basi niambie unataka nini. Chochote."

"Sitaki kitu. Bundi wangu nimewapeleka makumbusho, wote. Nilipowapata tena kutoka polisi nilikuwa siwezi kuwatazama." Akainuka, akaenda kufungua mlango. "Nenda, utakosa meli."

Pandelis alirudi Egina, na kesho yake alikwenda polisi kuandikisha kwamba hakukuwa na wizi. Afisa aliyempokea alisoma maelezo, akamwangalia, akayasoma upya, akauliza kama anaumwa. Kutoka hapo alikwenda mkahawa wa gatini. Ilikuwa Jumapili, wamejaa. Hakukaa. Alisimama mahali alipokuwa amesimama siku ile na akasema kwa sauti ya kufika barabarani: kasa alikuwa kinywani mwa mama yangu, Kosmas alijua, akanyamaza ili tusimfukue, na mimi nilimwita mwizi hapa mbele yenu.

Vikombe vilibaki vimeshikwa. Mzee mmoja mwenye mashua ya uvuvi, mtu aliyenyolewa na Kosmas ujana wake wote, alivua kofia, akaiweka magotini. "Mimi nilitema mate mlangoni kwake," alisema. "Nikipita, kila siku, natema." Akainuka akaondoka, na kikombe chake kikabaki kimejaa. Wengine nao wakaanza kutoka, mmoja mmoja, bila kuagana, mpaka Pandelis akabaki na mwenye mkahawa tu, naye alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi.

Habari ya sarafu yenyewe ilichukua muda. Marigo alitaka irudishwe sandukuni pamoja na mifupa. Padri akasema kanisa halifanyi hivyo. Watu wa idara ya mambo ya kale wakasema hata kama kanisa lingefanya, wao hawaruhusu. Ikachunguzwa, ikapigwa picha, ikarudishwa kwa mwenyewe. Pandelis hakuisafisha. Ukimwomba akuonyeshe kasa wake atakuonyesha wote, ila huyo atamruka, na sauti yake itabadilika kidogo. Siku hizi hupanda ghorofani kila jioni kula na dada yake. Wakati mwingine hawana la kuzungumza, wanakula tu.

Mwezi wa nane, bila kumwarifu mtu, Kosmas alishuka kwenye meli ya asubuhi. Alikwenda kwanza chumba cha mifupa, akakaa humo sana, na Stratos aliyemfungulia anasema alimsikia akizungumza na mtu. Kisha akaenda kwa Marigo, akapiga hodi. Marigo alipomwona, aliyaficha macho kwa aproni. Kosmas alimshika mabega, akamwambia, "Basi, dada. Basi. Umepika nini?"

Pandelis alitoka kazini akamkuta mezani, mbele yake sahani ya nyanya zilizojazwa wali. Walisalimiana kwa kichwa. Kosmas aliongea na Marigo mchana kutwa, juu ya wajukuu, juu ya magoti yake, juu ya bei za Perama. Na Pandelis hakuongea neno zaidi ya chumvi hii hapa. Sarafu haikutajwa.

Jua lilipopoa Marigo alimfungashia mgeni kikapu cha tini. Pandelis aliinuka, akakichukua. Kosmas alimtazama kidogo, akamwachia. Walitembea mpaka gatini wakiwa wameacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, na watu waliokaa mkahawani waliinuka vitini walipopita. Kwenye ngazi ya meli Kosmas alipokea kikapu.

"Msalimie Marigo," alisema.

Alikuwa ameachana na Marigo punde tu. Pandelis alitaka kumwambia hivyo, akaitikia tu kwa kichwa. Kosmas alipanda, akatafuta kiti upande wa kivulini, akamenya tini. Meli ilipoanza kurudi nyuma Pandelis alikuwa bado amesimama palepale, mpaka mfunga kamba akamwomba asogee.